Kuunda uongozi wa shirika la kutunza walinzi wa usalama na kujenga imani ya mtaa: mwongozo kwa Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa watu wachache walioko Arusha au Moshi wanaotaka kuanzisha shirika lisilo la kiserikali lenye kazi mbili. Ya kwanza ni kuangalia afya ya mwili na akili ya wanaolinda usalama wetu: askari polisi, zimamoto, mgambo, vijana wa ulinzi shirikishi. Ya pili ni kurudisha maelewano kati yao na wananchi. Kazi hizi zinategemeana. Askari ambaye hajalala vizuri wiki nzima humpokea mlalamikaji kwa ukali pale kaunta, mlalamikaji hurudi mtaani na kusimulia, na siku ya kesi hakuna anayekwenda kutoa ushahidi.

Lakini kazi hizi pia zinaweza kuuana. Wananchi wakiona shirika ni la polisi hawaji. Askari wakisikia kwamba waliyoyasema yamefika kwa mkubwa wao, au kijiweni, hawaji tena na wanawaonya wenzao. Kwa hiyo karibu kila agizo hapa chini linahusu jambo moja: nani anakaa wapi, na nani anajua nini.

Chagueni eneo kabla ya kuchagua watu

Anzeni na mkoa mmoja. Arusha na Kilimanjaro ni makamanda wawili wa polisi, makamanda wawili wa zimamoto na hospitali mbili za rufaa za mkoa (Mount Meru na Mawenzi). Kikundi kinachotaka kushika yote mwaka wa kwanza kitamaliza fedha barabarani kati ya Usa River na Boma Ng'ombe. Ndani ya mkoa chukueni kata mbili na vituo viwili: kimoja cha polisi, kimoja cha zimamoto. Kwa Arusha, kata kama Unga Limited na Sombetini. Kwa Moshi, Majengo na Pasua. Ni sehemu zenye watu wengi, ambako askari na wananchi hukutana kila siku, si siku ya tukio tu.

Bodi ya watu saba

Saba wanatosha. Wakiwa watano, wawili wakisafiri kikao kimekufa. Wakizidi tisa, siri inazidi kuwa ngumu kutunza. Mgawanyo tunaoushauri ni huu:

– wastaafu wawili wa vyombo vya usalama, mmoja wa polisi na mmoja wa zimamoto au wa huduma za dharura, waliokwishaondoka kazini angalau miaka miwili;
– mtaalamu mmoja wa afya ya akili, awe daktari, muuguzi wa afya ya akili au mwanasaikolojia;
– mwanasheria mmoja;
– mhasibu mmoja mwenye cheti cha juu cha uhasibu (CPA);
– wakazi wawili wa kata mlizochagua, mmoja akiwa kijana (kiongozi wa kijiwe cha bodaboda anafaa sana) na mmoja mwanamke anayeaminiwa na fedha za watu, mfano mweka hazina wa VICOBA.

Mwenyekiti asitoke kwa wale wastaafu wawili. Hata akiwa mtu mwema kupindukia, mtaani ataitwa "afande" na shirika litaitwa la maafande. Mpeni umakamu. Uzoefu wake utahitajika sana mnapozungumza na vituo.

Askari aliye kazini asiwe mjumbe wa bodi. Yuko chini ya amri, na siku mkubwa wake akitaka jina la aliyekuja kuomba msaada mtakuwa mmemweka mahali ambapo hawezi kusema hapana. Diwani na mwenyekiti wa mtaa nao wasiwe wajumbe: uchaguzi ukikaribia, kila baraza lenu litageuka kampeni, au litadhaniwa hivyo. Watu hawa, pamoja na mapadri, wachungaji, masheikh na laigwanani (viongozi wa jadi wa Kimaasai), waundieni kamati ya ushauri. Ikutane mara mbili kwa mwaka, isipige kura, isione taarifa ya mtu yeyote.

Kabla ya kumpitisha mjumbe, mwekeni mbele ya hali tatu na msikilize anavyofikiri. Mkuu wa polisi wa wilaya anampigia simu saa nne usiku kuuliza kama konstebo fulani amekuja kwenu. Mfanyabiashara mwenye kesi kituoni anataka kuchangia shilingi milioni tano. Kijana wa mtaani kwake anadai amepigwa na askari aliyepitia mafunzo yenu. Kwa la kwanza, jibu mnalotafuta ni kwamba shirika halithibitishi wala halikanushi, kwa mtu yeyote. Kwa la pili ni hapana, hadi kesi iishe. Kwa la tatu msitafute jibu la haraka. Mtu anayemtetea askari papo hapo na anayemhukumu papo hapo wote wawili watawasumbua. Anayefaa ni anayeuliza kijana ametibiwa wapi, kama ana fomu ya PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali), na malalamiko yake yapelekwe wapi.

Mambo yasiyokosekana kwenye katiba

Katiba nyingi hunakiliwa kutoka shirika jingine na kubadilishwa jina tu. Yenu iandikeni upya kwenye vipengele hivi. Muda wa uongozi ni miaka mitatu, usiozidi vipindi viwili. Kwa bodi ya kwanza, wajumbe watatu wapewe miaka miwili ili wote wasiondoke siku moja na kumbukumbu ya shirika. Akidi ni wajumbe watano, na angalau mmoja wao awe mkazi wa kata. Bila yeye hakuna kikao. Watia saini benki wawe watatu na hundi isainiwe na wawili, wasiwe ndugu wala wenza. Wajibu wa kutunza siri uendelee hata mtu akishatoka.

Kipengele kinachosahaulika zaidi ni hiki: bodi isione majina wala mafaili ya wanaohudumiwa. Inapokea idadi tu. Anayejua majina ni mtaalamu wa afya anayewahudumia, na mkurugenzi mtendaji hajui pia. Wajumbe wapya hulalamika kwamba wanasimamia kitu wasichokiona. Waelezeni kwamba wanasimamia fedha, ubora wa mtaalamu na idadi ya waliohudumiwa, na hivyo vinatosha.

Usajili

Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na maombi hufanywa kwa mfumo wa mtandaoni. Tayarisheni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini zao, wasifu na picha za viongozi, na barua ya Afisa Maendeleo ya Jamii. Mwoneni mapema, maana barua yake ndiyo huchelewesha wengi. Sheria inayotawala ni Na. 24 ya 2002, na baada ya marekebisho ya 2019 cheti hudumu miaka 10. Tangu marekebisho hayo, njia ya zamani ya kusajili kampuni isiyo na hisa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na kuiendesha kama shirika imefungwa.

Cheti hakiwaondolei kodi. Mtahitaji namba ya mlipakodi (TIN), na msamaha wa shirika la hisani huombwa kivyake kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mkipata mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka uwasilishwe ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mhasibu wenu aiweke tarehe hiyo kwenye kalenda siku hiyo hiyo.

Mtashika taarifa za afya, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inawahusu moja kwa moja. Jisajilini kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kumhudumia mtu wa kwanza.

Kubisha hodi

Barua ya kwanza iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya. Zimamoto na Uokoaji wana kamanda wao wa mkoa; waandikieni barua yao. Mgambo wa jiji au wa manispaa wako chini ya halmashauri. Shule ya Polisi Moshi ni chombo cha kitaifa, hivyo idhini ya kamanda wa Kilimanjaro haifungui mlango wake. Barua yake iandikeni kwa mkuu wa shule.

Ombeni hati ya makubaliano iliyosainiwa na ofisi, si ahadi ya mtu. Maafisa huhamishwa, na kamanda mpya halazimiki kukumbuka mliyozungumza na aliyemtangulia. Akija mpya, ombeni kumwona ndani ya siku 14 mkiwa na hati mkononi.

Hati iwe na mambo matatu yaliyoandikwa waziwazi. Askari anaruhusiwa kuja saa za kazi bila kueleza sababu zaidi ya "miadi ya afya". Shirika halitoi majina wala ripoti ya mtu kwa ajili ya nidhamu au kupandishwa cheo. La tatu ni gumu, na msilikubali kuachwa: mtaalamu akishauri askari apumzishwe lindo la silaha, mkuu wa kituo atampangia kazi nyingine siku hiyo hiyo bila kuandika sababu kwenye faili lake. Bila kipengele hiki, askari mwenye mawazo ya kujiua atanyamaza kwa hofu ya kazi yake, na bunduki itabaki mkononi mwake.

Huduma kwa askari

Msianze na ofisi ya ushauri nasaha yenye bango. Hakuna askari atakayeonekana akiingia. Anzeni na wasaidizi rika, yaani askari wenzao waliofundishwa kusikiliza.

Wachaguliwe kwa kura ya siri ya askari wenyewe: kila mmoja aandike majina mawili ya wenzake ambao angeweza kuwaambia shida yake. Majina yanayojirudia ndiyo yenu. Wakuu wakichagua, wataleta watiifu, na mtiifu siye anayeambiwa mambo. Pateni mmoja kwa kila askari 15 hivi, wengi wakiwa konstebo hadi sajenti, wanawake wakiwemo. Wanaoshughulikia mashtaka ya nidhamu wasiwemo.

Mafunzo ya siku tatu yanatosha kuanzia. Siku ya kwanza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa mtindo wa Shirika la Afya Duniani: angalia, sikiliza, unganisha. Ya pili ni usingizi, pombe na dalili za hatari. Ya tatu ni mazoezi ya kuzungumza, wawili wawili, huku mtaalamu akisahihisha. Baada ya hapo wakutane na mtaalamu kila mwezi. Msaidizi asiyesimamiwa huchoka ndani ya miezi michache, au huanza kutoa ushauri usio wake. Msaidizi rika haandiki chochote kuhusu aliyemsikiliza. Kabla ya mazungumzo anataja mipaka ya siri: hatari kwa maisha yako, hatari kwa maisha ya mwingine, mtoto anayeumizwa.

Baada ya tukio zito fuateni ratiba. Saa 24 za kwanza ni za mwili: maji, chakula, nguo safi, simu ya nyumbani, kulala, na kutorudishwa zamu ileile usiku huo. Siku ya tatu msaidizi rika amtembelee kila aliyehusika, hata dakika kumi. Wiki ya pili arudie. Wiki ya nne, anayeendelea kuota tukio, kukwepa eneo au kushtuka ovyo apelekwe kwa mtaalamu, kwani dalili zikipita mwezi mmoja hazipaswi kusubiriwa ziishe zenyewe.

Kosa la kawaida, linalofanywa kwa nia njema, ni kuwakusanya wote kesho yake na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona. Shirika la Afya Duniani linashauri dhidi ya vikao hivyo vya mara moja kwa watu waliotoka kwenye tukio: havizuii madhara ya baadaye, na wengine huumia zaidi kwa kusikia ya wenzao. Anayetaka kuzungumza asikilizwe, anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Kosa la pili ni kumalizia tukio baa. Pombe huharibu usingizi hasa wakati mwili unauhitaji.

Hesabuni waliohusika kwa upana. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi kutoka Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, waliowatoa watoto na kuwapokea hawakuwa askari peke yao. Kulikuwa na wanakijiji, madereva, wauguzi na wahudumu wa mochwari. Orodha yenu ya kutembelea baada ya tukio iwe na watu hao wote.

Kwa uchunguzi wa hali ya akili tumieni fomu mbili fupi za Kiswahili. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10, mtu aonwe na mtaalamu. Swali la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa" linashughulikiwa siku hiyo hiyo hata jumla ikiwa ndogo: asiachwe peke yake, silaha irudi ghalani, asindikizwe hospitali. AUDIT ina maswali kumi kuhusu pombe, alama 0 hadi 40, na 8 ndiyo mahali pa kuanza kuzungumza. Tafsiri yake ya Kiswahili imepimwa hapa Moshi, kwa wagonjwa wa majeraha katika hospitali ya KCMC. Mnapouliza kiasi cha kinywaji, tajeni bia, konyagi na mbege kwa majina, maana ukiuliza "pombe" mtu anayekunywa mbege atajibu kwa moyo safi kwamba hanywi.

Fomu hizi zisijazwe paredini wala mbele ya mkuu. Zikijazwa hivyo wote watapata sifuri.

Mkumbuke kwamba Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mwanasheria wenu awaeleze mapema wasaidizi rika na mtaalamu nini kinaandikwa na nini hakiandikwi, ili anayehitaji kuokolewa apelekwe hospitali kama mgonjwa.

Baraza la mtaa

Kabla ya baraza, sikilizeni makundi peke yake: bodaboda, mama lishe na wauza mboga, wazee, wasichana. Watu kumi, saa moja, chini ya mti au nyuma ya duka. Vijana hawatasema la maana mbele ya mwenyekiti wa mtaa wao, na wanawake hawatataja yanayowapata usiku mbele ya wanaume. Mtakayoyasikia mara nyingi ni yaleyale: kuombwa fedha ya dhamana, kuzungushwa kupata RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni) au PF3, pikipiki kushikwa bila maelezo, kupiga simu na kuambiwa gari halina mafuta.

Jifunzeni pia kumbukumbu za mahali. Arusha ina maandamano ya Januari 5, 2011 yaliyoacha watu wamekufa, bomu la kanisani Olasiti la Mei 5, 2013 na lile la viwanja vya Soweto la Juni 15 mwaka huohuo. Kuna wazazi wanaokumbuka siku hizo kila wakiona gari la polisi, na kuna askari waliokuwa zamu siku hizo. Msilazimishe mjadala wa siku hizo. Mtu akizitaja, mpeni nafasi amalize.

Baraza lenyewe lifanyikie shule ya msingi, si kituoni wala ofisi ya chama. Saa kumi alasiri hadi kumi na mbili kasoro, watu 40 hadi 50. Viti viwe duara. Meza kuu ikiwekwa, mkutano umeshakuwa wa hotuba. Askari wawe watano au sita, akiwemo mkaguzi wa kata na mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto, wakae wametawanyika. Mwendeshaji awe mjumbe wenu mkazi.

Masharti yasomwe mwanzo: hakuna kutaja jina la mtuhumiwa, hakuna kesi iliyoko mahakamani, hakuna kupiga picha bila ruhusa. Mambo yasizidi matano, yaandikwe ukutani kwa safu tatu: jambo, anayehusika, tarehe ya majibu. Siku 30 baadaye rudini palepale na majibu, hata kama ni "haikuwezekana, na sababu ni hii". Wananchi husamehe jibu baya kuliko kutorudi. Kama hamna nauli ya kurudi, msiitishe baraza.

Malalamiko dhidi ya askari fulani msiyapokee hadharani. Mwelekezeni mtu kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au TAKUKURU kwa namba 113 kama ni rushwa, na mumsaidie kuandika. Na msikubali kamwe kupokea orodha ya "wahalifu wa mtaa" ili muifikishe kituoni. Siku mtaa ukijua kwamba mlibeba majina, wasaidizi wenu watakuwa hatarini na kazi itakuwa imekwisha. Taarifa za uhalifu ni 112, kila mtu apige mwenyewe.

Fedha

Nauli ya kuhudhuria iwe sawa kwa wote, inspekta na muuza mboga. Msichangie mafuta ya doria wala ukarabati wa magari: hata likionekana jema, kesho mtaulizwa kwa nini gari lilikwenda kwa fulani. Bajeti ya kwanza iwe ya vitu vinne: mtaalamu wa siku mbili kwa wiki, mafunzo ya wasaidizi rika, mabaraza, na hesabu. Ofisi inaweza kusubiri. Chumba cha kuazima hospitalini au parokiani kinafaa zaidi, kwa kuwa mtu akionekana hapo hakuna anayeuliza.

Ripoti kwa bodi

Kila robo mwaka mtaalamu alete karatasi moja: wangapi wamehudumiwa, wangapi wamepewa rufaa, wangapi wamerudi mara ya pili. Kituo chenye waliohudumiwa chini ya watano kisitajwe, kiunganishwe na kingine, la sivyo wakubwa watakisia ni nani. Mabaraza yaripotiwe kwa idadi ya mambo yaliyoandikwa na yaliyojibiwa ndani ya siku 30. Robo mbili mfululizo zikipita bila askari hata mmoja kurudi mara ya pili, bodi isiongeze matangazo. Imuulize mtaalamu na wasaidizi rika, kila mmoja peke yake, kama kuna siri iliyotoka.